Ndege Husema Yote Ila Maradhi Yake

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio kitamfichua. Sisi walimu tumezoea kuwafafanulia wanafunzi methali hii kwa kumtaja binadamu mwenye haya au kiburi, anayekataa kwenda hospitalini hadi mambo yakaharibika. Mimi maana yake kamili nilifunzwa na ndege, na karo niliyolipa kwa somo hilo ningali naikumbuka.

Ndege huyo aliitwa Johari. Alikuwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, aliyefugwa kwa kibali na marehemu ami yangu katika Mji wa Kale, Mombasa. Ami alipofariki, Johari akaletwa nyumbani kwangu Nairobi pamoja na tundu lake na lafudhi yake ya Kimvita. Kila alfajiri alipiga hodi, kisha akajikaribisha mwenyewe. Aliigiza birika linalochemka, kikohozi cha ami na mlio wa saa ya redioni. Wageni walipokuja walikaa na kumsikiliza kuliko walivyonisikiliza mimi.

Jioni moja ya mwezi wa Agosti, 2011, Johari alimwita kila mmoja wetu kwa jina lake. Asubuhi iliyofuata tulimkuta sakafuni mwa tundu, manyoya yamemtutumka, macho nusu yamefumbwa. Tulimkimbiza kwa daktari wa mifugo. Daktari alimpapasa kidari kwa kidole kimoja, akanyamaza, kisha akauliza, “Ameanza kukonda lini?” Nikajibu bila kusita, “Jana.” Akanitazama kwa upole unaouma kuliko karipio. Alinishika kidole akanigusisha mfupa wa kati wa kidari cha ndege yule. Ulikuwa mkali kama ukingo wa kisu. “Mwalimu,” akasema, “hii si kazi ya siku moja. Huyu amekuwa akipungua kwa majuma mengi.” Johari hakufika adhuhuri.

Msomaji mpendwa, mimi riziki yangu naipata kwa kuchunguza maana za maneno. Hata hivyo, siku ile nilipoulizwa swali jepesi kabisa, nilitoa neno lisilokuwa na maana yoyote. “Jana” ilikuwa siku niliyoanza kuona. Siku aliyoanza kuugua haikuwa na jina, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeiandika. Swali lililonisumbua tangu hapo ni hili: iweje kiumbe asemaye kutwa kucha, tena kwa maneno yetu wenyewe, ashindwe kutuambia jambo moja tu lililokuwa na umuhimu?

Jibu la wataalamu wa ndege ni kwamba kuficha udhaifu ni silaha ya kale ya kujihami. Mwewe anapolitazama kundi, humchagua yule anayejikokota. Ndege aonyeshaye kwamba anaumwa huwa amejitangaza kuwa chakula. Kwa hivyo hata ndege wa nyumbani, ambaye hajapata kumwona mwewe maishani mwake, huendelea kuimba, kujipanguza na kuchakurachakura chakula hadi nguvu zinapomwishia kabisa. Fauka ya hayo, manyoya ni vazi linalosetiri mengi. Ndege mgonjwa huyatutumua ili ahifadhi joto, na kwa kufanya hivyo huonekana mnene kuliko alivyokuwa alipokuwa mzima. Jicho la mwenye nyumba hufurahi kwamba ndege amenawiri, ilhali chini ya manyoya yale nyama ya kidari inayeyuka siku baada ya siku. Kwa sababu hii, kupungua uzito mara nyingi ni miongoni mwa ishara za mwanzo kabisa za ugonjwa, na ni ishara isiyoweza kuonekana kwa macho. Lazima ipimwe.

Hapa ndipo taaluma yangu ilipopaswa kunisaidia. Sisi Waswahili si watu wageni kwa vipimo. Babu zetu walikuwa na kibaba na pishi za kupimia nafaka, ratili na wakia za kupimia uzito mdogo, na frasila ya mizigo ya biashara. Kibaba kimebaki katika methali inayojulikana na kila mtoto wa shule, ile ya haba na haba, ingawa watoto wengi hawajui kwamba ni kipimo, tena robo ya pishi. Kitenzi “kupima” chenyewe kina upana wa ajabu: twapima unga, twapima shamba, twapimwa damu, na mzee mwenye busara hupima maneno kabla ya kuyatamka.

Neno “mizani” nalo lina maisha mawili. Dukani ni chombo cha kupimia sukari. Darasani ni idadi ya silabi katika mshororo wa shairi. Kila mwalimu wa ushairi anajua kwamba shairi la kawaida la mizani kumi na sita kwa mshororo, nane kwa ukwapi na nane kwa utao, likipungukiwa na silabi moja tu, sikio lililozoea hushtuka. Mshororo unachechemea. Mwalimu huyu hukwaruza kalamu nyekundu bila huruma. Mimi ndiye mwalimu huyo. Kwa miaka mingi niliwanyima wanafunzi alama kwa kukosa silabi moja, na nyumbani kwangu ndege akapoteza sehemu kubwa ya mwili wake nisihisi kitu.

Hebu tuangalie hesabu yenyewe. Kasuku wa kijivu aliyekomaa huwa na uzito wa gramu 400 hadi 500 na ushei, yaani karibu na ratili moja ya wazee wetu. Wakia ni kama gramu 28. Kasuku wa gramu 450 akipoteza wakia mbili, basi amepoteza zaidi ya asilimia 12 ya mwili wake. Ukimtwaa mkononi hutatambua tofauti hiyo. Ndege wadogo ndio mtihani mgumu zaidi. Wale kasuku wadogo wa rangi ya kijani na chungwa ambao asili yao ni kaskazini mwa Tanzania, na ambao siku hizi huonekana wakiruka huru Naivasha, huwa na takriban gramu 50. Wale wa Australia wanaouzwa wawiliwawili huwa na gramu 30 hadi 40 hivi. Kwa kiumbe kama huyo, gramu 4 ni sehemu ya kumi ya mwili, nazo hazizidi kijiko kimoja cha chai cha sukari. Tena miili yao huchoma chakula kwa kasi mno, kiasi kwamba ndege mdogo asiyekula kwa siku moja au mbili huwa tayari amekaribia ukingo wa kaburi.

Mwaka 2018 jirani yetu aliyekuwa akihama nchi alituachia ndege mwingine. Huyu alikuwa wa jamii ya kasuku, mwenye kishungi kichwani na mashavu ya rangi ya chungwa, wa asili ya Australia lakini aliyezaliwa tunduni. Tulimpa jina la Shani. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa anaingia darasa la sita, aliweka sharti moja kabla ya kumpokea: safari hii atapimwa. Mama yake akaitoa mizani ya jikoni, ile ya kidijitali anayopimia unga wa keki, na binti akatenga daftari la kurasa 96.

Utaratibu wake ni mwepesi, na nauandika hapa kwa manufaa ya yeyote mwenye ndege nyumbani au shuleni. Kwanza, mizani iwe yenye kusoma gramu mojamoja. Mizani ya kupimia watu haifai kabisa, kwa sababu haimtambui kiumbe wa gramu 90. Pili, juu ya mizani huwekwa kijiti cha kutulia, au bakuli, kisha kitufe hubonyezwa ili namba irudi sufuri kabla ndege hajapanda. Tatu, ndege hafukuzwi wala hakamatwi kwa nguvu. Hufundishwa kwa siku kadhaa kupanda mwenyewe, na kila apandapo hutunukiwa punje moja ya alizeti. Kabla ya kumtoa tunduni, madirisha hufungwa na panka huzimwa. Nne, saa ya kupima haibadiliki: asubuhi, baada ya ndege kutoa choo cha kwanza na kabla ya kupewa chakula. Anayempima leo kabla ya chakula na kesho baada ya chakula hupima chakula, hampimi ndege. Tano, kila namba huandikwa papo hapo, pamoja na tarehe, saa na maelezo mafupi: je, ananyonyoka manyoya? Amebadilishiwa chakula? Choo chake kikoje? Ndege mzima akipimwa mara moja au mbili kwa juma yatosha. Mgonjwa, au aliyetoka kuhamishwa makao, hupimwa kila siku.

Majuma ya kwanza huwa ya kumjua ndege mwenyewe. Vitabu hutoa wastani wa jamii nzima, lakini ndege wako si wastani. Ana uzito wake wa kawaida, na huo ndio kipimo cha haki. Kupanda na kushuka kwa gramu moja mbili ni jambo la kila siku, kutegemea maji na chakula. Kinachopaswa kumshtua mtu ni mwendo wa kushuka tu, siku tatu au nne mfululizo bila kupanda. Akifikia kupoteza asilimia 5, mtazame kwa makini. Akikaribia asilimia 10, usingoje kesho, mpeleke kwa daktari. Wala kuongezeka si heri wakati wote. Ndege anayelishwa alizeti na njugu tupu, tena asiruke, hunenepa hadi ini lake likajaa mafuta. Dalili ya mvua ni mawingu, na kwa mwenye daftari mawingu huonekana yangali mbali.

Kwa mwaka mzima na zaidi, namba za Shani zilichezacheza kati ya gramu 92 na 95. Binti alizichora katika karatasi ya miraba, na mstari ukawa kama bahari shwari. Ulipofika mwezi wa Julai, 2019, asubuhi moja nikiwa nasahihisha insha mezani, alinijia na daftari. Namba za siku sita zilikuwa hivi: 93, 92, 91, 90, 88, 86.

“Baba, Shani anapungua.”

Wakati huohuo Shani alikuwa juu ya tundu lake akipiga mluzi wa wimbo aliofundishwa na jirani, kishungi kimesimama, mchangamfu kupita kiasi. Nikamwambia mwanangu, “Mama, ndege huyu mzima. Humsikii anavyopiga mluzi?”

Akanijibu, “Baba, mluzi hauna uzito.”

Nakiri kwamba nilitaka kumrudi. Kisha nikakumbuka “jana” yangu. Kutoka gramu 94 hadi 86 ni gramu 8, au asilimia 8.5. Mtu wa kilo 70 akipungua kwa kiasi hicho huwa amepoteza takriban kilo 6. Na mtu akipoteza kilo 6 kwa siku sita, jamaa zake hawangojei afikie kulala kitandani. Nilifunga insha, tukaenda kwa daktari.

Daktari wa safari hii alipouliza swali lilelile, “Ameanza kukonda lini?”, binti alifungua daftari akamwonyesha tarehe kwa kidole. Mwanamke yule aliivuta miwani yake, akasoma ukurasa wote, kisha akaketi. Aligundua maambukizi katika njia ya chakula. Tena akatueleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kipimo cha dawa ya ndege hukadiriwa kwa gramu za mwili wake, na kwa mdogo kama Shani tone moja la ziada laweza kuwa sumu. Namba zilizotufikisha pale ndizo zilizotumiwa kumpimia dawa. Siku tatu za kwanza mizani ilibaki 86, nasi tukala chakula kwa shida. Siku ya nne ikasoma 87. Baada ya majuma matatu ilirudi 94, na binti akaizungushia namba hiyo duara kwa kalamu ya kijani.

Najua yupo atakayesema kwamba haya ni mambo ya wenye nacho. Katika nchi ambayo wako wanaolala bila kula, mhadhiri mzima anaandika juu ya gramu za ndege! Hoja hiyo naiheshimu, nami nina majibu mawili. Kwanza, hakuna ndege aliyeomba kufugwa. Tumemzuia kuruka, tumemnyima kundi lake, tumemchagulia chakula. Aliyekubali kumtia kiumbe tunduni amejitwika dhamana yake, na dhamana haipimwi kwa ukubwa wa mwili. Kwa kasuku wa kijivu dhamana hii ni nzito maradufu. Biashara imemmaliza porini, na katika nchi yetu makao yake ya asili ni misitu ya magharibi kama Kakamega. Mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulimwingiza katika orodha ya wanyama ambao biashara ya kimataifa ya wale waliotegwa porini imekatazwa, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumfuga bila kibali. Asiye na kibali asimguse, na mwenye nacho asimwache afe kwa uzembe wa macho.

Pili, elimu hii si ya matajiri hata kidogo. Mama aliyembeba mwanawe mgongoni kwenda zahanati kila mwezi anaijua kuliko mimi. Mtoto huning'inizwa kwenye mizani, namba ikaandikwa katika kijitabu, na muuguzi akautazama mstari. Mtoto anayecheka na kucheza lakini mstari wake unashuka hurudishwa kwa daktari, kwa kuwa muuguzi amefunzwa kutodanganywa na kicheko. Mfugaji wa kuku naye hupima vifaranga wachache kila juma, akajua kama chakula kinaingia mwilini au kinapotea bure. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wafanyabiashara wa kale. Uhai nao ni mali.

Sharti pia niseme ukweli kuhusu mipaka ya mizani. Mizani huuliza swali, haijibu. Hukwambia kwamba kuna jambo, haikwambii ni jambo gani. Na yako maradhi yasiyoacha alama katika namba. Walimu wengi watakuwa wamesikia habari za Alex, kasuku wa kijivu aliyenunuliwa Chicago mwaka 1977 na mtafiti Irene Pepperberg. Ndege huyo alijifunza zaidi ya majina mia moja ya vitu, akatambua rangi na maumbo, akahesabu hadi sita, tena kwa kuelewa. Alitunzwa na wataalamu na alichunguzwa na madaktari. Hata hivyo, asubuhi moja ya Septemba 2007 alikutwa amekufa, akiwa na umri wa miaka 31, kifo cha ghafla ambacho hakuna aliyekitazamia. Ndege aliyeweza kusema ni vitu vingapi vilivyomo katika sinia hakuweza kusema ni nini kilichokuwa kikimpata kifuani.

Habari ya Alex inatusuta kwa njia nyingine pia. Sisi walimu tumelifanya jina la kasuku kuwa tusi. Mwanafunzi akikariri bila kuelewa twamwambia, “Usiwe kasuku.” Siku hizi kila nikitaka kulitamka tusi hilo hujiuliza nani hasa aliyekuwa akikariri nyumbani mwangu. Johari alisema “karibu” kila asubuhi, nami kila asubuhi nikasema “mzima huyu” bila kutazama. Kati yetu wawili, mimi ndiye niliyerudia maneno bila maana.

Vivyo hivyo ndivyo tunavyowatazama wanafunzi wetu. Yule anayeinua mkono kila mara na kuchekesha darasa twamwandika kuwa hana shida. Aliyeshuka kidogokidogo kwa mihula mitatu hatumwoni, maadamu hakuna siku moja aliyoanguka kwa kishindo. Mtihani wa mwisho unapomfichua, twauliza kwa mshangao ameanza lini, na jibu letu huwa “jana”. Laiti tungekuwa na daftari dogo la kila juma, na moyo wa kulisoma!

Shani yu hai hadi leo. Binti yangu sasa yumo chuoni, na kazi ya mizani imeniangukia mimi. Leo asubuhi kabla ya kuketi kuandika makala haya nilifunga dirisha, nikaweka kijiti, nikabonyeza kitufe. Alipanda mwenyewe, akapiga mluzi, akanyoosha shingo kudai punje yake ya alizeti. Gramu 93. Nimeandika.